Shangazi na Mkanda wa Miaka Tisa

Shangazi yangu ana vidole vibaya kuliko mwanamke yeyote ninayemjua. Ni vifupi, vimepasukapasuka, kucha zimelika upande, na ncha zake ni ngumu kama kisigino. Lakini mfunge kitambaa usoni, mpe kijiti kimoja tu, akisokote kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, atakuambia kijiti hicho kina miaka mingapi. Watu wamemjaribu kwa utani, wakamchanganyia vijiti vya miaka saba na vya miaka minane, naye akavitenga huku akizungumza habari nyingine kabisa, kama mtu anayechagua mchele.

Kazi yake ni mifagio. Si ile laini ya sebuleni. Namaanisha mifagio mikubwa ya nje, ya barabara na viwanja vya mabasi na maghala, inayotengenezwa kwa kichaka kinachoota huku kwetu juu. Ukikiona kichaka chenyewe mara ya kwanza hukitii maanani. Kinafika kiunoni, majani yake ni madogo kama ncha za sindano, na kwa miezi mingi ya mwaka rangi yake ni ile ya gunia lililonyeshewa. Kisha ghafla kinachanua vikengele vidogo vya zambarau hafifu, maelfu kwa maelfu, na nyuki wanakuja kwa fujo kiasi kwamba hata mtu mwenye roho ngumu kama mimi husimama kidogo. Waliosoma wanalo jina lake refu. Sisi tunakiita mfagio-mwitu, na ardhi yote iliyofunikwa nacho, kilomita na kilomita za upepo na ukungu, tunaiita Uwanda.

Kuna jambo wageni hawaliamini. Kichaka hiki hakitaki wema. Udongo wake ni mchachu, mweusi juu na mchanga mtupu chini, haukubali mahindi wala maharage, na maji ya vijito vyake ni ya kahawia kama chai iliyochujwa mara mbili. Ukiuonea udongo huo huruma ukaumwagia samadi, nyasi zinapanda juu na kichaka kinajifia. Ukikiacha bila kukikata, kinazeeka na kuwa kuni, miti mikubwa inaingia, na baada ya miaka mingi Uwanda haupo tena. Kinaishi kwa sababu kinakatwa. Shangazi husema ndiyo maana wanaelewana.

Uwanda wetu umegawanywa mikanda kumi na miwili. Kila mwaka unakatwa mkanda mmoja tu, ule uliotimiza miaka kumi na miwili, kisha unaachwa upumzike mpaka zamu yake irudi. Waliopanga zamani hawakuifuatanisha kwa umri, walichanganya, ili moto ukizuka usipate njia moja ndefu ya kukimbilia. Kwa hiyo mkanda ulioiva unaweza kupakana na wa miaka mitatu upande huu na wa miaka tisa upande ule. Hakuna uzio. Mpaka ni mawe yaliyopakwa chokaa, hatua arobaini toka jiwe moja hadi jingine.

Na hapo ndipo ilipo kanuni yetu kubwa. Ukikata kabla ya wakati, vijiti ni laini, mfagio haumalizi wiki, na mkanda huo unabaki na pengo ambalo kila apitaye ataliona. Anayekata mkanda mchanga hutundika mundu wake msumarini, ofisini kwa ushirika wa wafunga mifagio, na hautungui mpaka mkanda aliouharibu ufikie zamu yake. Haulizwi alikusudia au hakukusudia. Sisi hatuna hakimu, tuna msumari.

Mimi nilikuja kwa Shangazi nikiwa na miaka thelathini na moja na sanduku moja, baada ya ndoa ambayo sina nia ya kuisimulia hapa. Hakuniuliza kitu. Alinionyesha kitanda cha pili chumbani kwake, kisha akanipeleka bandani nyuma ya nyumba, akaniketisha kwenye benchi la kufungia, akauweka mguu wangu juu ya kanyagio. Ukikanyaga, waya unakaza. Ukiachia, unalegea. "Ukiwa na hasira kanyaga," aliniambia. Mwaka wa kwanza nilifunga mifagio migumu ajabu.

Ukuta kwa ukuta na sisi anakaa mzee mmoja mwembamba, mdogo wa marehemu mume wa Shangazi. Kwa hiyo kwake ni shemeji, na wao hawaitani vingine. Wengine wote tunamwita Kipimo, kwa sababu mfukoni ana kamba yenye mafundo na hawezi kupita penye kitu bila kukipima, hata mkate. Yeye na Shangazi wamekata Uwandani pamoja miaka arobaini na wamegombana miaka arobaini ileile. Shangazi hukata kisiki mshazari, mvua iteleze. Kipimo hukata bapa, vidole vinne juu ya ardhi, wala kidole hakizidi. Ugomvi wao juu ya visiki ningeweza kuusimulia usingizini.

"Mfagio wako shemeji," Kipimo humwambia, "ukiolewa leo, kesho umeachika."

"Na wako shemeji ni mwembamba kama mwenyewe. Unafagia hewa."

Hayo ni salamu. Siku wakisalimiana kwa adabu, ujue kuna mgonjwa.

Shangazi ana mtoto mmoja, mwanamume, fundi wa majokofu mjini. Si mtoto mbaya. Anapiga simu kila wiki, analeta dawa za kikohozi, na anataka mama yake akakae naye ghorofa ya nne, kwenye chumba kizuri chenye pazia. Shangazi aliwahi kukaa huko wiki mbili alipougua kifua. Alirudi amekonda. Alisema dirishani kule unaona madirisha ya watu nao wanakuona wewe, na hakuna hata mahali pa kutemea mate. Mwisho wa mabishano walifanya mapatano, mbele yangu, mezani. Maadamu mama anakata, mwana hatamsumbua. Siku atakapotundika mundu, kwa uzee au kwa kosa, mwana atakuja na gari siku hiyohiyo na mama atapanda bila neno. Shangazi alikubali harakaharaka, kwa sababu alidhani siku hiyo haipo.

Basi, mwaka wangu wa pili pale, baridi iliwahi kuja. Vidole vya Shangazi vilipasuka mpaka vikatoa damu kwenye mpini wa mundu. Mimi, ambaye kila kitu lazima nikirekebishe, nilishuka hadi duka la vifaa nikamnunulia glavu za ngozi, nene, zenye manyoya ndani. Alizikataa siku ya kwanza. Akazikataa ya pili. Siku ya tatu nilimtolea uvivu.

"Shangazi, huu sasa ni ukaidi. Ukipata kidonda kikioza, huyo mwanao atakuja kukuchukua. Ndicho unachotaka? Vaa!"

Alinigeukia. Aliniangalia kidogo pembeni, karibu na sikio langu, namna ambayo nilikuwa nimeshaizoea na nilidhani ni dharau. Akavaa. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Siku hiyo ukungu ulishuka ukalala juu ya Uwanda. Shangazi alitangulia akikata, mimi nyuma nikikusanya na kufunga mizigo. Nilikuwa bado sijui vizuri kutofautisha kichaka cha miaka tisa na cha kumi na miwili, tena penye ukungu, na jiwe la mpaka sikuliona. Nilichoona ni mikono ya Shangazi imetulia ndani ya glavu, haina damu, na moyo wangu ukajaa sifa zangu mwenyewe.

Jioni Kipimo alikuja bandani kuazima koleo. Aliona mizigo yetu ukutani, akauinua mmoja kwa mazoea tu, akavuta kijiti, akakipima unene kwa ukucha. Akavuta cha pili. Nilisubiri tusi la kawaida. Halikuja.

"Leo shemeji alivaa nini mikononi?" aliniuliza.

"Glavu," nikasema kwa maringo. "Nilimnunulia mimi."

Aliulaza ule mzigo chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Mizigo hii minne usiifungie mifagio. Ichome jikoni, yote."

"Kwa nini?"

"Binti, ichome."

Akaondoka bila koleo. Nikajisemea moyoni, wivu huo. Lakini sauti yake ilikuwa na kitu, nikaichoma mizigo yote.

Kesho yake adhuhuri, wakataji wote walipokaa kibandani kunywa chai, nilikumbuka kamba niliyoiacha juu, nikarudi. Ukungu ulikuwa umeondoka. Nikamwona Kipimo peke yake, mzee wa miaka sabini na mmoja, amepiga magoti kwenye baridi, anakata visiki. Visiki, si vichaka! Nyuma yake vilikuwa vimekwisha kukatwa, bapa, vidole vinne juu ya ardhi. Mbele yake vilikuwa bado mshazari.

Ule mshazari ningeutambua popote duniani. Nikageuka kutafuta jiwe la chokaa, nikaliona, liko upande wa pili. Tulikuwa tumesimama ndani ya mkanda wa miaka tisa.

"Mzee," nilisema, "unafanya nini?"

"Nanyoosha kazi ya ovyo."

"Shangazi hawezi kukosea mkanda. Shangazi? Haiwezekani."

Alikata visiki viwili vingine kabla ya kunijibu. "Shemeji yangu haoni. Anaona mwanga na kivuli, basi. Mwaka wa pili huu. Wewe unalala naye chumba kimoja, hukujua?"

Nikamkumbuka akiniangalia karibu na sikio. Nikakumbuka alivyopapasa kikombe, alivyoniachia mimi kusoma namba za simu, alivyokuwa akihesabu hatua chini kwa chini toka mlangoni hadi bandani, na mimi nikidhani anaomba. Nilikuwa nimekaa na mtu mwaka mzima na zaidi, nikimkemea asubuhi na jioni, wala sikumwona.

"Vidole ndivyo vilikuwa macho yake," Kipimo alisema. "Anapita anavigusa vichaka, anajua yuko wapi. Jana vilikuwa vimefungwa ngozi." Hakusema kwa hasira. Angenitukana ingekuwa nafuu.

"Na wewe ulijuaje kwamba haoni?"

"Siku moja nilifunga vifungo vya shati kombo. Nikakaa mbele yake tangu asubuhi hadi jioni, hakunicheka." Aliufuta mundu kwenye suruali. "Shemeji yako wa miaka arobaini akiacha kukucheka, kuna jambo. Okota hivyo vipande, vitie kwenye gunia. Na mdomo wako ufunge."

Niliokota. Nilikuwa nikilia, na upepo wa kule unakausha machozi kabla hayajafika shavuni, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Mwenyekiti wa ushirika ni mama mnene, mpole, na upole wake unatisha kuliko kelele za wengine. Alichukua siku mbili kuligundua pengo. Siku ya tatu alituita wote ofisini, chumba kimoja chenye meza, kalenda ya mwaka uliopita, na ukuta wenye msumari mmoja. Aliweka kisiki mezani, kilichong'olewa na mizizi yake.

"Hatua ishirini na mbili," alisema. "Ndani ya mkanda wa miaka tisa. Sitaki hotuba. Nani?"

Kisiki kilikuwa bapa. Watu kumi na wanne walikitazama kisiki, kisha wakamtazama Kipimo, na naona wengine walianza kutabasamu, maana mtu aliyewapima wao miaka yote sasa alikuwa amepimwa.

Shangazi alikuwa ameketi kando yangu. Mkono wake ulishika goti langu ukalibana. Nilihisi mwili wake ukijiandaa kuinuka.

Kipimo aliwahi. "Ni mimi," alisema. "Ukungu ulinizidi ujanja. Na shemeji yangu asicheke, maana namjua, amesubiri siku hii miaka arobaini."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Ndani ya kicheko hicho Kipimo alichomoa mundu wake kiunoni, akaenda ukutani, akautundika mwenyewe. Alipogeuka kicheko kilikuwa kimekatika, kwa sababu mkanda ule ulibakiza miaka mitatu, na kila mmoja alikuwa anafanya hesabu ya umri wa mzee. Mwenyekiti aliandika kwenye daftari. Mkono wa Shangazi ulibaki gotini kwangu, umepoa.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Alienda bandani, akaketi kwenye benchi, akaweka mguu juu ya kanyagio bila kukanyaga.

"Nilijua jioni ileile," alisema. "Nilipovua shali kulikuwa na kijiti kimenasa. Nikakigusa. Miaka tisa. Sijalala tangu siku hiyo. Leo nilikwenda pale na maneno yangu nimeyapanga yote, neno kwa neno, ndipo mtu yule akaninyang'anya."

"Shangazi, ni mimi. Ni zile glavu. Ni kiherehere changu."

"Ulinionea huruma."

"Sikujua."

"Ungejuaje, na mimi sikukwambia? Nilikuacha unirushie samadi, nikakaa kimya." Alicheka kidogo, kisha uso ukamvunjika na akalia, kwa sauti, kama mtoto. Sikuwahi kumwona akilia. Nilimshika vile vidole vibaya.

Alipomaliza alijifuta kwa kiganja, akauchukua mundu wake ukutani, akahesabu hatua zake hadi mlango wa jirani. Nilimfuata. Kipimo alikuwa kizingitini, sinia la maharage mapajani, akitoa mawe.

"Shika," Shangazi alisema, akanyoosha mundu hewani, kidogo kushoto kwa mzee.

"Wa nini? Wangu wenyewe umetundikwa."

"Kesho naenda kwa mwenyekiti."

"Nenda. Wataniita mimi mwongo na wewe kipofu, kwa mpigo mmoja. Watu watafaidi."

"Nani alikutuma, shemeji? Nani alikuomba?"

"Hakuna."

"Basi kwa nini? Miaka mitatu! Una sabini na moja wewe. Unafikiri una miaka mingapi ya kugawa?"

Kipimo alitoa jiwe, akalitupa uani. "Mimi nikikaa chini, nakaa hapahapa. Wewe ukikaa chini, gari la mwanao liko mlangoni jioni hiyohiyo. Ghorofa ya nne, shemeji."

"Hilo ni langu."

"Si lako peke yako." Sauti yake ilipanda, na nadhani yeye mwenyewe ilimshtua. "Nikiamka asubuhi nisikusikie upande wa pili wa ukuta ukikohoa na kuilaumu chai, hiyo siku nzima nitaifanya nini? Mfagio wangu nitamwonyesha nani aucheke? Nimekuzoea, shemeji. Wala si kukuzoea. Nakupenda, ndiyo hiyo. Basi, umenisemesha upuuzi mbele ya mtoto."

Mtoto ni mimi, wa miaka thelathini na tatu. Nilijitia kuangalia maharage.

Shangazi aliushusha mundu. Uso wake ulikuwa umegeukia ilikotoka sauti, safari hii sawasawa kabisa. "Shati lako leo umelifunga sawa?" aliuliza.

"Sawa."

"Mwongo."

Alinyoosha mkono, akapapasa, akakipata kifungo cha juu. Kilikuwa kombo. Akakifungua, akakiweka kwenye tundu lake, akakishusha kingine, na kingine, hadi chini.

"Sitapanda juu peke yangu," alisema alipomaliza. "Vidole havitoshi tena, nimejidanganya. Baridi ikivitia ganzi ni kama glavu zilezile. Mpaka nitaujuaje?"

Kipimo alifikiri. Alitoa kamba yake mfukoni, akaangalia mafundo, akairudisha. "Kanuni inanikataza kushika mundu," alisema polepole. "Kusema haijanikataza."

Msimu uliofuata, wakataji walipopanda kwenye mkanda mpya, Kipimo alipanda nao. Hakuwa na mundu. Alikuwa na chupa ya chai na blanketi la kuukuu, akaenda kuketi juu ya jiwe la mpaka lililo karibu na sehemu ya Shangazi. Na kutoka hapo alianza kutukana.

"Hivyo ndivyo unavyokata, shemeji? Mshazari! Bado mshazari! Uzee haujakufunza kitu!" Alikemea tangu jua linachomoza mpaka mapumziko ya chai, akameza chai, akaendelea. Hatua arobaini zikiisha alinyanyuka, akajikongoja hadi jiwe la pili, akaketi, akaanza upya. Wakataji wengine waliona haya kwa niaba yake. Walisema mzee ana kijicho, mundu umetundikwa sasa amebaki kumwonea mwanamke wa watu. Mmoja alitaka kwenda kumkanya, nikamwambia amwache, kila mtu ana dawa yake.

Shangazi alikata. Aliiweka sauti ile upande wa kulia. Ilipokuwa mbali alikwenda moja kwa moja, vidole vya kushoto vikitangulia wazi, mundu ukifuata. Ilipokaribia alipunguza. Ilipokuwa karibu kabisa, iking'aka juu ya visiki, aligeuka na kurudi. Nyuma yake mimi nilikusanya vijiti, virefu, vigumu, vya miaka kumi na miwili vyote. Nilikuwa nimevaa zile glavu. Kwangu hazina neno.

Siku ya tatu mwenyekiti alipita na daftari lake. Alisimama mbali, akamsikiliza Kipimo akitukana, akamtazama Shangazi akienda na kugeuka, akienda na kugeuka. Sijui alisimama muda gani. Kisha alikwenda pale jiweni, akatoa mto mdogo kwenye kikapu chake, mto wa kukalia, wa kitambaa cha maua.

"Jiwe hilo ni la baridi, mzee," alisema, "na miaka mitatu ni mingi."

Hakuandika kitu. Aliondoka na upole wake, na tangu siku hiyo mto ule unakaa nyumbani kwa Kipimo, na mwana wa Shangazi hupiga simu kila wiki akaambiwa mama yuko kazini.

Jana tulikuwa tunamalizia ukingo wa mwisho. Vichaka vilivyobaki vilikuwa vimekaushwa na upepo, vikengele vyake vimekuwa rangi ya kutu, na kwenye mkanda wa jirani machipukizi yalikuwa yanatokeza kwenye visiki vya mwaka jana, mabichi, marefu kama kidole. Kipimo alikuwa jiweni akisimulia makosa ya Shangazi tangu mwaka alioolewa. Mara akanyamaza.

Shangazi alisimama palepale. Mundu ulikuwa hewani. Hakusogeza mguu mbele wala nyuma. Alinyanyua uso, akageuza kichwa huku na huku. Niligeuka kutazama jiweni. Mzee alikuwa ameinama, blanketi limemfunika kichwa.

"Shemeji?" Shangazi aliita. Si kwa sauti kubwa.

Upepo ulipita juu ya Uwanda wote.

"Shemeji, uko wapi?"

"Nipo," sauti ikajibu kutoka ndani ya blanketi. "Nilikuwa natafuta kizibo cha chupa. Ndiyo usimame? Kata, mwanamke!"

Shangazi alishusha pumzi. Akatandaza vidole vyake vibaya juu ya vichaka, akaigeukia sauti ile, akakata.